Ufunguo wa Tatu

Sanduku letu ni la bati, limepakwa buluu,
liliungwa na fundi wa Mabatini, lina kufuli tatu,
na kufuli tatu ni watu watatu:
Sundi wa mapanki, Nyamizi wa saluni,
na Milembe auzaye ndoo na mabeseni njia ya Kitangiri.
Mimi sina ufunguo. Mimi nina daftari.

Daftari linajua mambo.
Februari: hisa tano, hisa tatu, hisa tano.
Machi, wiki ya nne, mkono wangu uliandika sufuri
mara kumi na moja, sufuri za duara kama andazi,
na andazi ndiyo kazi yangu,
getini pa shule ya msingi, saa nne, kengele ikilia.
Kengele haikulia.
Nilikaanga siku moja zaidi, kwa mazoea,
tukala nyumbani hadi tukachukiana nayo.

Ndege hazikuja kubeba minofu.
Minofu isipokwenda, kiwanda hakikati samaki,
kiwanda kisipokata, mifupa haipo,
na Sundi anakaa Mwaloni mbele ya karai lililopoa
akifukuza nzi wasio na sababu ya kuja.
Nani angedhani meza ya mtu wa ng'ambo
ndiyo iliyoshikilia kichwa cha sangara wa Kirumba?

Tulikwenda benki. Tulinawa mlangoni,
tukapimwa joto kwenye paji la uso, tukaonekana wazima,
tukaketi tukiruka kiti kimoja kimoja.
Kijana alikuwa mpole. Aliuliza dhamana.
Nyamizi akataja draya mbili na kioo.
Aliuliza hesabu za miaka mitatu, zilizokaguliwa.
Nikampa daftari. Alilifungua kwa ncha za vidole,
akaona doa la mafuta kwenye Novemba,
akalirudisha kama mtu anavyorudisha
mtoto wa mwenzake aliyeanza kulia.

Simu nazo zilikopesha: elfu ishirini leo,
ishirini na nne wiki ijayo,
na ujumbe unaoanza na Mpendwa.

Basi Jumamosi tukakutana uani kwa Nyamizi,
mita moja moja kati yetu, tukipaza sauti mambo ya siri.
Katiba yetu inasema kuvunja ni Desemba.
Tuliiandika wenyewe, hatukujua
kuna mwaka ambao Desemba huja Aprili.
Mikono kumi na tisa ikapanda.
Mmoja ulibaki pajani, wa mama Kwilasa:
"Na Desemba yenyewe ikija?"
Hakuna aliyemjibu. Hadi leo hatujamjibu.

Kufuli ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu, mwenyewe hayupo.
Anakohoa, alisema mwanawe Ngolo, miaka tisa,
amesimama mbali kama mdaiwa,
akasukuma kwa fimbo kopo la maziwa ya unga
mpaka katikati yetu.
Ndani, maji ya sabuni, na ufunguo umezama.
Chini ya ufunguo, sarafu ya nyati, mia tano.

"Mama kasema hiyo ni faini ya kutohudhuria.
Kifungu cha saba."

Watu ishirini tulinyamaza
hadi tukasikia jenereta la gesti ya mtaa wa pili.

Kila mtu alipata elfu sitini na tatu na mia nne.
Si mtaji. Ni unga, ni nusu ya kodi, ni galoni ya mafuta.
Sundi alishuka kwenye dagaa, akasema
samaki mdogo hana ndege ya kusubiri.
Mimi nilipita na maandazi nyumba kwa nyumba,
nikibisha kwa kiwiko.
Fungu la Milembe tulilitia kwenye kopo lilelile, limekaushwa,
na mtoto alilibeba kwa mikono miwili, hakukimbia.

Usiku nilikaa na daftari.
Kwenye safu ya mahudhurio, mbele ya jina lake,
niliandika: yupo.
Kwa hiyo faini haikumhusu, mia tano ni yake,
na nadaiwa mimi.
Nimeibandika kwa solotepu kwenye ukurasa wa Aprili.
Ukifungua hapo, hata sasa,
hunukia sabuni.